Misumari kwenye Nguzo

Kampuni ya umeme ilimpa Mama Pacha kazi mwaka uleule mumewe alipofia nguzoni. Haikuwa kazi ileile ya marehemu, maana ya kupanda nguzo ilihitaji cheti. Walimpa ya kufyeka matawi chini ya laini, pamoja na buti, kofia ngumu na koti la njano lililomfika magotini. Kuna waliosema kampuni ina huruma. Kuna waliosema inamziba mdomo ili asiende mahakamani. Yeye hakuwa na nafasi ya kuchambua nani yuko sahihi. Alikuwa na mabinti wawili pacha walioanza shule juzijuzi, na viatu vyao vilikuwa vinachakaa kana kwamba vinatafunwa.

Waliishi na baba mkwe wake katika mtaa wa mwisho, ule unaopakana na msitu. Mzee alikuwa seremala. Mbele ya nyumba ilikuwa karakana, na nyuma yake vyumba vitatu vilivyonuka vumbi la mbao hata ukifagia kutwa. Mkewe alifariki zamani. Mtoto alikuwa mmoja tu, huyohuyo marehemu.

Alikufa hivi. Kima mmoja alipanda nguzo ya konani, karibu na tangi la maji, akashika waya huku mguu wake umegusa chuma, akaungua palepale na mtaa mzima ukazimika. Kijana wa mzee akatumwa akamwondoe, yeye na msimamizi wake, mtu aliyeitwa Koleo kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vigumu. Wakakata fyuzi, laini ikafa. Kilichobaki ni kuifunga laini ile na waya wa ardhini, ule unaoumeza umeme wowote utakaorudi kwa bahati mbaya, lakini waya wenyewe ulikuwa kwenye gari jingine upande wa pili wa mji. Koleo akasema wausubiri. Mwenzake akacheka, "Bosi, laini imekufa hii. Watu vyakula vinaharibika kwenye friji." Akapanda. Alipomshika kima mkia ili amtupe chini, umeme ukarudi.

Haukutoka kituoni. Ulitoka kwenye jenereta la mtu humohumo mtaani, aliyeliwasha na kulichomeka ukutani bila kujitenga kwanza na laini. Umeme wake mdogo ukaingia kwenye transfoma kinyumenyume, ukatoka upande wa pili ukiwa mkubwa wa kuua. Ni nani huyo, haikujulikana. Wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba, na kila mwenye jenereta alikuwa na neno lake: la kwangu bovu, la kwangu halina mafuta, mimi siku hiyo nilikuwa msibani. Wakaandika, wakaondoka.

Kwa mzee hilo halikuwa na maana. Yeye mwuaji alimjua.

"Asingekuwepo yule mnyama juu," alisema kila alipopata wa kumsikiliza, "mwanangu angepanda kufuata nini?"

Na ukitazama, alikuwa na hoja. Kima walikuwa wengi msituni, na msitu ulikuwa umemegwa kila upande. Barabara ilikuwa imekata njia zao za matawi, kwa hiyo walipotaka kuvuka walipita juu ya waya kama watu wanavyopita darajani. Karibu kila mwezi mmoja wao aliungua, na kila alipoungua taa zilizimika, zahanati ikahangaika na chanjo zake, mwenye duka akatukana ukoo mzima wa kima tangu babu yao wa kwanza.

Mwishowe ofisi ikakubali kwamba nguzo za mtaa ule zizuiwe. Koleo akaja na gari limejaa mikunjo ya plastiki ngumu, laini kama sahani, akamwita Mama Pacha pembeni.

"Shemeji," alimwambia, maana hakuwahi kumwita vingine tangu siku za mumewe, "hii kazi nataka uifanye na mimi. Ukiona huwezi, sema. Hakuna atakayekulaumu."

"Nguzo ya konani ni miongoni mwao?"

"Ni miongoni mwao."

Akakaza kofia yake. "Nionyeshe inafungwaje."

Haikuwa kazi ngumu kuelewa, ila ilitaka subira. Plastiki ile inazungushwa kwenye nguzo juu ya kimo cha mtu, sehemu ndefu kuliko kima anavyoweza kujinyoosha, ili mikono yake iteleze, achoke, aende zake mzima mzima. Waya mnene unaoshikilia nguzo isilale nao unavalishwa bomba linalozunguka, maana kima akishindwa nguzo ataparamia huo. Kisha matawi yanakatwa pande zote mpaka hata kima dume akiruka asifike. Juu kabisa waya na vikombe vya kauri vinavyoushikilia vinafunikwa kwa mipira. Na kabla ya kufunga chochote, unatazama juu.

"Kwa nini nitazame?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ukimfungia mmoja huko juu hana pa kushukia ila kwenye waya. Utakuwa umemchimbia kaburi kwa mikono yako, tena kwa vifaa vya kampuni."

Alimfundisha mengine pia, mambo ambayo mumewe hakuwa na desturi ya kuyaleta nyumbani. Alimwonyesha jinsi waya wa ardhini unavyofungwa. Siku moja, nyuma ya kibanda cha fundi magari, alimwonyesha waya wenye vichwa vya kuchomeka ncha zote mbili, kimoja cha jenereta, kingine cha soketi ya ukutani.

"Uuone vizuri," alisema Koleo. "Ukiukuta popote, ung'oe kwanza, salamu baadaye. Wenyewe wanauita njia ya mkato."

Mtaa ulizipokea zile plastiki kwa vicheko. Mwenye duka ndiye aliyeanza kuziita soksi. "Nguzo zimevaa soksi, mimi mwanangu anakwenda shule miguu wazi!" Lakini soksi zilifanya kazi. Mama Pacha aliwaona kima wakija asubuhi, wakizishika, wakiteleza, wakizitazama kwa hasira kama mtu aliyefungiwa mlango wa choo, kisha wakirudi mitini. Alijikuta anacheka peke yake, akashtuka, maana hakuwa amecheka siku nyingi.

Mzee hakucheka. Jioni moja walikuwa mezani, yeye akiichezea sahani yake kwa kijiko, pacha wakigombania kiti. Akauliza bila kumtazama, "Leo mmewavalisha wangapi?"

"Nguzo tano, baba."

"Nguzo." Akakiweka kijiko chini. "Mume wako amelala ardhini. Wewe unaamka alfajiri kwenda kuwatunzia maisha waliomlaza huko. Mimi sijawahi kuona."

"Wasipopanda, hakuna fundi atakayepanda kuwafuata, baba. Ndiyo maana yake."

"Maana yake wabaki hai."

"Wabaki hai, na sisi tubaki hai."

Mzee akanyanyuka, akaenda karakana, na kwa muda mrefu wakamsikia anapiga randa ubao ambao haukuwa wa mteja yeyote.

Nguzo ya konani ndiyo iliyobaki nyuma. Tawi kubwa la mti wa msitu wa hifadhi lilikuwa limeinama juu yake, na kulikata kulihitaji kibali. Kibali kilikuwa kimelala mezani kwa mtu. Koleo alikataa kuifunga ile nguzo kabla tawi halijaondoka. Kuizuia chini wakati juu kuna mlango wazi, alisema, ni sawa na kutega mtego.

Pacha ndio walioleta habari. Walitoka shuleni wanakimbizana, mabegi yanagongana, mmoja akaanza sentensi na mwenzake akaimalizia kama ilivyokuwa kawaida yao.

"Mama, babu ametengeneza kitana..."

"...kitana cha nguzo! Kikubwa!"

Alikwenda kona bila kuvua buti. Mzee alikuwa amekwisha maliza, ngazi iko begani. Nguzo ilikuwa imefungwa mikanda ya mbao tangu kimo cha paa kwenda juu, karibu na mkono wa nguzo unaobeba waya, na kila mkanda ulikuwa umejaa misumari mirefu, imesimama kwa mistari. Kazi safi. Hata katika hilo mzee hakuweza kufanya kazi chafu.

"Baba, hii ni nini?"

"Na mimi nimezuia. Si mnazuia?"

"Hawapandii chini hapa. Wanatokea kwenye lile tawi, wanaruka juu, halafu wanashuka na nguzo. Mmoja akiteremka kwa kasi..." Aliitazama misumari vizuri. Yote ilikuwa imeelekezwa juu.

"Najua wanakotokea," mzee alisema. "Nimekaa na kuwatazama mwaka mzima."

Alimfuata mpaka nyumbani akimsihi, kwa heshima kwanza, kisha kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mkwe wake. Mzee akaifungia ngazi karakana, akatia ufunguo mfukoni. Mama Pacha akampigia simu Koleo. Koleo alikuwa mbali, upepo ulikuwa umeangusha laini ng'ambo ya mji, watu wako gizani. "Kesho asubuhi, shemeji. Kitu cha kwanza. Wewe usipande, unanisikia? Juu yake laini iko hai."

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi, alipokuwa anawachana pacha nywele, ukasikika ukelele.

Alidhani ni mtu. Nusu ya mtaa ilidhani ni mtu, wakatoka na mataulo mabegani na miswaki midomoni. Alikuwa kima jike. Alikuwa ameruka kutoka kwenye tawi kama kawaida yake, nguzo imelowa, akateleza na uzito wake wote ukamshusha juu ya mikanda. Msumari mmoja ulipita kiganjani ukatokea upande wa pili. Mingine ilikuwa imezama nyongani. Alikuwa ananing'inia hapo, anajivuta, na kila alipojivuta alizidi kujichana. Kifuani alikuwa na mtoto, amemng'ang'ania manyoya, kichwa kimeingia kwapani kwa mama yake. Kwenye miti kundi zima lilikuwa linabweka.

Mama Pacha aliwasukuma wanawe ndani, akafunga dirisha. Haikusaidia. Ukelele uliingia kupitia bati.

Watu walisimama chini, midomo wazi. Mwenye duka, yule aliyewatukana kima kila siku ya Mungu, alikuwa amejifunika uso kwa khanga. "Jamani, si mtu ampige jiwe afe tu," alisema, lakini hakuna aliyeokota jiwe. Nesi wa zahanati alisema amempigia simu daktari wa wanyama, yuko njiani. Watu wakaitazama misumari, kisha wakaitazama karakana. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni kazi ya nani. Mlango wa karakana ulikuwa wazi na randa lilikuwa linasikika, haraka haraka, kama mtu anayepiga makofi asisikie maneno. Kisha randa likakoma.

Koleo alifika na gari limejaa matope mpaka kwenye vioo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitazama juu mara moja. Hakutania.

"Nakata fyuzi. Waya wa ardhini ninao leo." Sauti yake ilikwaruza. "Lakini sipandi mpaka kila jenereta la mtaa huu lichomolewe. Si lizimwe tu. Lichomolewe. Shemeji, chukua upande huu, mimi nachukua ule. Ingia mpaka ndani. Usikubali kuambiwa mlangoni."

Alikimbia. Kwa mwenye duka jenereta lilikuwa na swichi yake ya kulitenga na laini, sawasawa, hata hivyo akalichomoa. Zahanati vilevile. Kwa fundi magari waya wa njia ya mkato ulikuwa umeshatupwa tangu siku ile Koleo alipomfokea. Nyumba iliyobaki ilikuwa yao wenyewe.

Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono imelegea kati ya magoti. Pembeni, nyuma ya mbao zilizosimamishwa, lilikuwa jenereta lake, limefunikwa magunia na vumbi limetanda juu yake. Mama Pacha alikuwa amelisahau kabisa. Mzee aliwaambia wachunguzi ni bovu, na tangu hapo likawa sehemu ya takataka za karakana.

"Baba, nimeambiwa niangalie yote. Na lako."

"La nini?" Mzee hakuinua kichwa. "Halijawashwa tangu siku ile."

Alikuwa ameshapiga hatua ya kugeuka. Alikuwa na haraka, ukelele bado ulikuwa unaendelea nje. Neno lilimfikia mlangoni.

"Tangu siku ipi, baba?"

Mzee akaanza kupangusa vumbi la mbao kwenye magoti yake.

"Ulisema lilikuwa bovu. Tangu siku ipi?"

Akarudi. Akayavuta magunia, vumbi likamjaa puani. Nyuma ya jenereta ulikuwepo waya mweusi, umeviringishwa, kichwa kimoja bado kiko kwenye jenereta. Akaufuata kwa mkono mpaka ncha ya pili. Kichwa kingine. Ukutani, juu ya benchi la kazi, ilikuwepo soketi, na pembeni yake ukuta ulikuwa na alama nyeusi ya moshi.

Akaigusa ile alama, kidole kikatoka cheusi.

"Kulikuwa na kabati la watu," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anasimulia habari za mtu mwingine. "Walitaka jioni ile. Umeme ukakatika nikiwa katikati, nikaliwasha, kama nilivyokuwa nafanya siku zote. Sikujua wameshafika. Sikujua ni yeye aliyetumwa. Nilikata mbao mbili, nikasikia watu wanapiga yowe, nikalizima nikakimbia na wenzangu kwenda kuangalia."

"Ulijua lini?"

"Walipokuja kuuliza majenereta. Mmoja wa wachunguzi alinieleza vizuri jinsi inavyokuwa. Alichora na kwenye karatasi. Mpaka alipomaliza kuchora nilikuwa nimeshaelewa."

"Na ukawaambia ni bovu."

"Ningewaambia nini, mwanangu?"

Alimtazama. Mwaka mzima alikuwa amekula naye, amemfulia, amekaa naye usiku anapolia. Mwaka mzima alikuwa amewasikia kima wakitukanwa humu ndani. Alitaka kumpiga. Mkono wake bado ulikuwa umeshika waya. Nje, yule mnyama akalia tena, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka.

Akauchomoa waya kwenye jenereta, akautupa begani, akatoka.

Koleo alikuwa amekwisha funga laini ardhini. Alipomwona aliinua dole gumba kuuliza, naye akaitikia kwa kichwa. Koleo akapanda na blanketi. Mama Pacha alishika kamba chini kama alivyofundishwa, akitazama juu, shingo inauma. Kima alimng'ata Koleo mkono mara mbili kupitia glavu, kisha akaacha, akawa anamtazama tu. Koleo alikuwa anaongea naye. Hawakusikia maneno, ila walisikia sauti, ileile ambayo mtu humbembelezea mtoto mgonjwa. Kumtoa kwenye misumari kulichukua muda ambao kila aliyekuwepo angependa kuusahau.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana mwenye koti la mvua. Alimlaza kima kwenye sakafu ya gari, akampapasa nyonga, akamfunua jicho, akatikisa kichwa. Akachukua sindano. Mtoto ilibidi wambandue vidole kimoja kimoja kwenye manyoya ya mama yake, akawekwa kwenye kasha la kadibodi lenye taulo. Alikufa kabla ya wiki kwisha, na daktari alipopiga simu kuwaambia, alianza kwa kuomba radhi, kana kwamba kosa ni lake.

Watu walipotawanyika, Koleo aliketi kwenye ngazi ya gari akifunga jeraha. Ndipo alipouona waya begani kwa Mama Pacha.

"Huo umeutoa wapi?"

"Nyumbani."

Hakuelewa upesi. Kisha akaelewa, uso ukamshuka. Bandeji ikadondoka kwenye tope hakuiokota.

"Mimi," alisema, "nimelala na ule waya wa ardhini kila siku ya Mungu. Nikifumba macho nauona uko kwenye gari jingine."

"Na huo nao ungekuwepo, angekuwa hai."

"Ungekuwepo angekuwa hai."

"Basi ni vyote viwili," alisema Mama Pacha. Hakuwa na nguvu ya kumfariji mtu. "Ofisini utawaambia."

"Shemeji, ni baba mkwe wako. Na ni babu wa watoto. Mimi naweza kuukata huu waya vipandevipande nikautupa mtoni, na dunia ikaendelea."

"Waambie. Kuna mitaa mingapi ina waya kama huu? Na mafundi wangapi wako juu sasa hivi?"

Mzee aliitwa, naye akasema yote kabla hajaulizwa. Kabla ya hapo, mchana uleule, alitoka na ngazi yake na nyundo, akapanda nguzo wakati laini bado imefungwa ardhini na Koleo amesimama chini, akang'oa misumari mmoja mmoja mbele ya macho ya mtaa mzima. Hakuna aliyemzomea. Hakuna aliyemsaidia pia. Aliposhuka, mikono na kifua vilikuwa na damu ya kima, akapita katikati ya watu akielekea nyumbani, nao wakampisha.

Walimweka ndani majuma kadhaa, kisha akaachiwa arudi na kesi ikaendelea kuahirishwa, leo hakimu hayupo, kesho shahidi hayupo. Alikuwa amekonda, meno yameanza kulegea. Karakana aliikuta imefungwa. Mama Pacha alikuwa amehama na wanawe, amepanga chumba karibu na ofisi ya kampuni. Kuna ndugu waliomwita mwanamke asiye na shukrani, eti amemfunga mzee aliyempa paa. Kuna waliosema ilimpasa amfanyie makubwa zaidi ya hayo. Aliwasikia wote. Usiku, peke yake, alikuwa hajui hata yeye yuko upande gani. Alimwonea mzee huruma, na huruma ikiisha alikumbuka ule mwaka, kila mlo, kila chozi, na mzee yuko mbele yake anajua.

Kibali cha tawi kilitoka ndani ya siku chache baada ya picha za yule kima kusambaa kwenye simu za watu. Wakalikata. Wakaivalisha nguzo ya konani soksi yake, naye ndiye aliyekaza mkanda wa mwisho, baada ya kutazama juu. Kisha wakatundika kamba nene mbili juu ya barabara, mti hadi mti, mbali na waya, zikiunganishwa kwa vipande vya mpira, ili kima wapate njia yao. Siku nyingi hawakuigusa. Halafu asubuhi moja dume mzee akaipima kwa mguu, akarudi, akaipima tena, akavuka huku amejikunja kama anayeibia mtu. Mtaa ule haujazimika kwa sababu ya kima tangu wakati huo. Mitaa mingine bado wanaungua, na vibali vyake bado viko mezani kwa watu.

Baada ya miezi kadhaa alianza kuwapeleka pacha kwa babu yao. Mzee alikuwa amehamia kwa dada yake, kwenye chumba cha uani chenye kitanda na stuli. Mara ya kwanza dada mtu aliingia na kutoka na chai, akiwajazia vikombe kabla havijaisha.

"Wanapanda bado?" mzee aliuliza mwishowe.

"Pale hawapandi. Wanapita kwenye kamba."

Akaitikia kwa kichwa. Uani wasichana walikuwa wanamfukuza kuku wa watu.

"Hawa wanajua?"

"Bado."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia wakikua kidogo. Nitawaambia mimi. Wewe usiwaambie, baba."

"Sitawaambia." Mzee aliisugua mikono yake. "Na wewe, mwanangu. Mimi na wewe tumeishia wapi?"

Alifikiri kwa uaminifu, maana swali lilistahili. "Sijui, baba. Nikijua nitakwambia. Kwa sasa nawaleta watoto."

Wakati huo pacha wakaingia wanahema, vumbi magotini, kila mmoja anataka abebwe na babu kwanza. Mzee alimtazama mama yao. Yeye akatazama pembeni, kisha akasema, "Haya, mmoja mmoja." Mzee akamwinua wa kwanza kwa shida, akamweka juu ya paja, akatulia kidogo kuvuta pumzi. Wa pili alikuwa anamvuta shati, anadai zamu yake, na mzee akamwambia angoje, nguvu zirudi.